Vazi la Zama za Kati Likikataa Kukaa: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshona mavazi ya kaskazini mwa Ulaya ya kati ya mwaka 1000 na 1400 hivi kwa ajili ya maigizo ya kihistoria. Mavazi yenyewe ni kanzu ya sufu, shati la kitani la ndani, soksi ndefu za kitambaa, koifu (kofia nyepesi ya kitani inayofungwa kidevuni), shela, na hudi, yaani kofia ya sufu inayofunika kichwa, shingo na mabega. Vipande tunaviita kwa majina ambayo mshona kanzu anayajua: badani kwa kifua na mgongo, taharizi kwa pembetatu za kupanua vazi kuelekea chini, kikwapa kwa kiraka cha kwapani, na kaba kwa kitambaa cha kuimarisha shingo. Ukataji ni wa ukoo mmoja, mistatili na pembetatu, na mabaki ya kutupa ni machache.

Kasoro nyingi za mavazi haya huonekana mahali pamoja lakini chanzo chake kiko pengine, na nyingi ni za mkasi kuliko za sindano. Ndiyo maana kufumua na kushona upya mshono ule ule mara nyingi hakubadilishi kitu.

Soma mikunjo kabla ya kufumua

Vaa vazi juu ya nguo zote za ndani zitakazoandamana nalo, mkanda ukiwa umefungwa. Simama, inua mikono, kaa, chuchumaa. Mikunjo ya kulala inayozunguka mwili inaonyesha pamebana hapo, au kitambaa kimesukumwa juu kutoka chini. Mikunjo ya kusimama inaonyesha upana umezidi. Mkunjo wa mshazari ndio wenye habari zaidi: ncha zake mbili zimeshikwa na kitu, na moja kati ya hizo ndiyo yenye kosa. Mshono wa ubavuni ukizunguka na kuja mbele, usiguse mshono. Tafuta uzi mmoja wa mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) kwenye badani uufuate kwa kidole kutoka begani hadi kwenye pindo. Ukipotea zaidi ya sm 1 katika kila sm 50, kipande kilikatwa nje ya uzi na hakuna mshono utakaokinyoosha. Kikate upya, au kipunguze kiwe kipande cha vazi dogo.

Ukiinua mkono, vazi lote linapanda

Wengi hudhani mkono ni mwembamba, wanaupanua, na hali inazidi kuwa mbaya. Kinachobana si upana wa mkono. Ni umbali kati ya kwapa la vazi na kwapa la mwili. Tundu la mkono likishuka sana, mkono na ubavu wa vazi vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo ukiinua kimoja unaburuta kingine.

Kwa kanzu ya mistatili, dawa ni kikwapa. Mtu mwenye kifua cha sm 95 hadi 105 anatosheka na mraba wa sm 10 kwa 10 uliokamilika, yaani ukate sm 13 kwa 13 ukiwa na akiba ya mshono ya sm 1.5 kila upande. Kukiweka kwenye vazi lililokwisha kushonwa, fumua sm 10 za mshono wa chini ya mkono na sm 10 za mshono wa ubavuni, kuanzia kwapani. Mwanya huo una kingo nne za sm 10, na kila ukingo unapokea upande mmoja wa mraba. Pembe moja inaelekea mkononi, moja ubavuni, na mbili zinakaa mbele na nyuma kwenye makutano ya mkono na badani. Kama taharizi inafika hadi kwapani, pembe ya chini ya kikwapa ishonwe kwenye ncha yake.

Pembe za kikwapa zikitengeneza tundu au mfinyo, umeshona hadi ukingoni mwa kitambaa. Weka nukta ya chaki sm 1.5 kutoka kila pembe, anzia kwenye nukta na uishie kwenye nukta, kila upande kwa uzi wake. Kwa cherehani kazi hii ni ya kero. Kwa mkono ni nusu saa.

Vazi la kubana la karne ya 14 lina tatizo la aina nyingine, kwa sababu kikwapa kinaharibu umbo lake. Hapo tundu la mkono lipandishwe hadi sm 2 tu chini ya kwapa, na mshono wa mkono upite nyuma, kuelekea kiwikoni, badala ya chini. Kwenye mavazi yaliyofukuliwa Herjolfsnes, Greenland, mwaka 1921, baadhi ya mikono ina pembetatu iliyoingizwa upande wa nyuma, karibu na bega. Pembetatu hiyo ndiyo inayomwezesha mvaaji kunyoosha mkono mbele bila mgongo kukaza. Vazi linalohusishwa na Charles de Blois, mtawala wa Brittany aliyekufa mwaka 1364, lililohifadhiwa Lyon, Ufaransa, limekwenda njia ya kinyume: tundu la mkono ni pana mno, limeingia kifuani na mgongoni, na mkono umeongezewa pembetatu za kujaza. Njia zote mbili zinafanya kazi. Ukichanganya nusu ya hii na nusu ya ile, hutafanikiwa.

Shingo imekuwa kubwa

Hili ndilo kosa linaloongoza, na ni la hesabu. Kila sm 1 unayoiongeza kwenye nusu-kipenyo cha tundu huongeza zaidi ya sm 6 kwenye mzingo. Mtu anakata tundu la saizi kamili ya shingo, anakunja sm 1 ndani kutengeneza pindo, na tayari amepata shingo ya kuonyesha shati lote la ndani.

Shingo ya kawaida ina mzingo wa sm 38 hadi 42 na kichwa sm 56 hadi 60. Tundu la duara peke yake haliwezi kutosheleza vyote viwili. Kata duara dogo lenye mzingo uliokamilika wa sm 40 hivi, kisha mpasuo wa mbele wa sm 12. Mpasuo una kingo mbili, kwa hiyo unaongeza sm 24, jumla 64, na kichwa kinapita kwa raha. Tundu lisiwe katikati ya mstari wa mabega: liende sm 7 hadi 8 mbele na sm 1 hadi 2 tu nyuma. Kanzu inayoteleza nyuma na kumkaba mvaaji kooni, kwa kawaida tundu lake limekatwa sawa mbele na nyuma.

Ikiwa umeshachelewa, kaba inaokoa mengi. Pitisha bandi mbili (mistari ya mishono mirefu ya kupitisha) za uzi imara wa kitani kuzunguka ukingo, vuta hadi mzingo upungue sm 3 au 4, sambaza mfinyo sawasawa, na kama ni sufu weka kitambaa kibichi juu na upige pasi ya mvuke hadi kitambaa kinywee. Kisha shona kaba ya kitani au hariri kwa ndani, iliyokatwa kwa umbo la shingo unayoitaka na si kwa lile ulilonalo. Sufu inakubali kunywea hivi. Kitani hakikubali, kitabaki na marinda, na dawa yake ni kukusanya marinda hayo kwa makusudi kwenye ukanda mwembamba wa shingo.

Chini ya mpasuo kunachanika? Ncha yake ishonwe kwa tundu dogo la mviringo au vipau vitatu vya uzi uliopakwa nta, kabla vazi halijavaliwa hata mara moja.

Taharizi: ncha inafinyana, pindo linaning'inia

Taharizi za ubavuni hazina shida kubwa kwa sababu zinakaa ndani ya mshono uliopo. Zinazosumbua ni za katikati, mbele na nyuma, zinazoingizwa kwenye mpasuo. Pale juu kabisa akiba ya mshono ya badani inapungua hadi sifuri. Ukijaribu kuweka sm 1.5 pande zote, lazima ncha ifinyane au itoboke.

Fanya hivi: mpasuo uwe mfupi kwa sm 1.5 kuliko urefu uliokamilika wa taharizi. Kunja kingo za mpasuo kwa ndani, akiba ikipungua polepole hadi milimita 2 juu. Lalisha taharizi chini yake, ishikize kwa bandi kuanzia nchani kwenda chini, kamwe si kutoka kwenye pindo kwenda juu, kisha shona kwa mkono kutoka upande wa nje kwa mishono midogo ya kulaza. Nchani weka mishono mitano sita ya karibukaribu. Anayeanzia chini husukuma ziada yote ya kitambaa juu, na ziada hiyo ndiyo mfinyo anaoulalamikia baadaye.

Tundu dogo likishatokea, kiraka cha sufu ile ile chenye ukubwa wa kifungo, kwa ndani, kinatosha. Hakuna atakayekiona.

Pindo linaloning'inia kwenye mishono lina chanzo kingine. Taharizi hukatwa kwa kugawa mstatili kwa mshazari, kwa hiyo kila pembetatu ina upande mmoja ulionyooka na uzi na mmoja wa hanamu, yaani unaokatiza nyuzi kwa mshazari. Upande wa hanamu hunyumbulika. Ukishona hanamu kwa hanamu, mshono hurefuka kwa uzito wake na pindo hushuka mawimbi. Hanamu ishonwe kwenye ukingo ulionyooka wa badani, nao utaishika. Vipande viwili vya kutengeneza taharizi moja pana viunganishwe kwa pande zao zilizonyooka, katikati.

Kuna na jiometri. Taharizi yenye urefu wa sm 70 na kitako cha sm 25 ina upande wa hanamu wa sm 74 na zaidi kidogo. Hizo sm 4 zinatokeza chini kama pembe. Pima sm 70 kutoka nchani kwenye kila mstari, chora tao, ukate. Lakini usikate siku hiyo hiyo. Tundika vazi usiku mmoja au mbili, hanamu ishuke inavyotaka, ndipo usawazishe pindo mtu akiwa amelivaa na kufunga mkanda.

Soksi za kitambaa: magoti yanatuna, nyuma inachanika

Kama soksi zilikatwa kwa uzi ulionyooka, hazina dawa. Zinakatwa hanamu kamili, pembe ya digrii 45. Kabla ya kukata pima kitambaa: shika sm 10 kwa mshazari, vuta kwa nguvu ya kawaida. Ikifika sm 12 inafaa; ikiishia 11 tafuta sufu nyingine. Sufu ya mfumo wa mistari ya hanamu huvutika na kurudi kuliko ya mfumo wa kawaida.

Goti linalotuna baada ya saa chache linatokana na soksi iliyo legevu mno au isiyo na kamba ya kufungia chini ya goti. Usiogope kubana: inapovaliwa iwe imekaza pajani na kwenye misuli ya mguu. Kufumka kwa mshono wa nyuma ni suala la uzi. Kitambaa cha hanamu kinavutika, uzi uliovutwa moja kwa moja hauvutiki, kwa hiyo unakatika. Tumia mshono wa kurudi nyuma wenye hatua za milimita 3, na unaposhona vuta kitambaa kidogo.

Kuhusu kifundo cha mguu, watu hujitesa bure. Kinachoamua upana wa soksi pale si kifundo bali mzunguko wa kisigino na juu ya unyayo, ambao kwa mguu wenye kifundo cha sm 23 unaweza kufika sm 33. Kitambaa kinachovutika kwa moja ya tano kinahitaji walau sm 27.5 pale ili mguu uingie. Bado kifundo kitabaki na ziada ya sm 4 hadi 5. Mikunjo michache pale chini si kosa la fundi.

Ukiinama soksi ikachomoka kwenye kamba ya kiuno, umeifunga mbele tu. Ongeza kamba ya pili ubavuni, au refusha sehemu ya juu ya nyuma kwa sm 5.

Koifu inasimama kama jogoo

Kwa koifu tunaanza na hili kwa sababu linachekesha pichani. Koifu ya vipande viwili ina mshono mmoja wa katikati, toka kwenye paji hadi kisogoni. Mshono huo ukikatwa kwa kona badala ya tao, kitambaa kinasimama utosini kama upanga. Vaa koifu ikiwa imegeuzwa ndani nje, bana ziada kwa pini kufuata fuvu, na utaona kwamba sehemu ya juu ni bapa zaidi kuliko ulivyodhani. Punguza kwa sm 0.5 kila mara. Ukishindwa, hamia vipande vitatu: ukanda wa katikati wa sm 10 hadi 12 kwa upana, na pande mbili. Ukanda upimwe kutoka mstari wa nywele hadi chini ya kisogo. Kwa kichwa cha sm 57 ni karibu sm 35.

Koifu inayoteleza nyuma ina kamba zilizoshonwa mahali pasipo pake. Kamba zikitoka mbele kabisa, kwenye pembe ya shavu, zinavuta kuelekea kooni na kukata ngozi, na juu panabaki legevu. Zitoke chini ya sikio, zikielekea kidevuni kwa mshazari. Kata ukanda wa sm 4 kufuata uzi, ukunje uwe tabaka nne, upate kamba ya sm 1. Kamba ya hanamu itarefuka mchana kutwa na jioni koifu iko mabegani. Chini ya kisogo, kama panapwaya, kusanya ukingo kwa uzi hadi upungue sm 4 hadi 6.

Kitani cha gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba kinatosha. Kizito zaidi kinatengeneza mishono minene, na mshono mnene chini ya kofia ya chuma ni maumivu ya kichwa kwa maana halisi. Lalisha mishono yote iwe bapa, upana wa milimita 4 hadi 5.

Shela halikai

Shela likiteleza, shida haiko kwenye shela wala kwenye pini. Shida ni kwamba hakuna kitu chini yake. Kitambaa hakikamati nywele, hasa zilizooshwa karibuni. Panahitajika msingi: kofia ya kitani iliyokaza, au ukanda wa kitani wa sm 4 hadi 5 uliofungwa kuzunguka kichwa juu ya paji, na mwingine unaopita chini ya kidevu. Pini zote zishike ukanda, si nywele.

Msingi mzuri upo wa kuiga. Kofia inayohusishwa na mtakatifu Birgitta wa Sweden, aliyekufa mwaka 1373, imehifadhiwa Uden, Uholanzi. Ni nusu mbili za kitani zilizounganishwa katikati kwa ukanda mwembamba wa kazi ya sindano yenye uwazi, na ukingo wa mbele umezungushiwa ukanda mrefu unaoendelea hadi kuwa kitanzi. Kitanzi kinapita kisogoni, kinasokotwa mara moja, kisha kinarudishwa juu ya kichwa. Kinakaza kofia bila fundo lolote. Kosa la wanaoiiga ni kitanzi kirefu mno. Kiwe kifupi kiasi kwamba unalazimika kukivuta ili kipite utosini, maana kitani kitalegea kidogo kwa joto la kichwa.

Namna ya kuchoma pini nayo ina maana. Pini iingie shelani, ichote ukanda, itoke, iingie tena, ncha ikiishia kati ya tabaka. Ikichomwa mara moja tu inachomoka. Ukitumia pini nene ya kisasa yenye kichwa cha plastiki utaacha matundu. Pini nyembamba za shaba ndizo zinazofanana na zile zilizofukuliwa kwa wingi London.

Pindo la shela la duara likiwa na mawimbi, hanamu imevutika wakati wa kukunja. Pitisha bandi ya uzi mmoja milimita 3 kutoka ukingoni kabla ya kuanza, ivute kidogo tu, halafu viringisha pindo juu yake. Shela linalosimama mbali na uso kama karatasi ngumu limeshonwa kwa kitani kizito: tafuta cha gramu 80 hadi 120.

Hudi inakaba, au haigeuki na kichwa

Ukigeuza uso kulia ukajikuta unatazama ndani ya hudi, shingo yake ni pana mno. Ukihisi mtu anakuvuta kwa nyuma, mabega yake ni membamba. Ni magonjwa mawili tofauti.

Shingo ya hudi isiyo na vifungo lazima ipitishe kichwa, kwa hiyo haiwezi kushuka chini ya sm 58 hadi 62. Wengi huiacha sm 70 kwa usalama. Vaa, bana kwa pini chini ya kidevu hadi kichwa kiweze kupita kwa shida kidogo, ndipo ukate. Ukitaka ikae karibu zaidi, pasua mbele uweke vifungo, na hapo unaweza kushuka hadi sm 45.

Kwa kukaba, angalia kama ukingo wa chini umelala begani au umekatiza juu ya bega kama daraja. Ukikatiza, weka taharizi kila bega: urefu sm 16 hadi 18, kitako sm 20 hadi 25, ncha ikiishia pale shingo inapogeuka kuwa bega. Ukiiweka sm 3 mbele zaidi au nyuma zaidi hudi nzima inazunguka, kwa hiyo shikiza kwa bandi na uvae kabla ya kupasua. Mkia mzito nao huvuta nyuma. Hudi ya Bocksten, iliyopatikana mwaka 1936 kwenye kinamasi karibu na Varberg, Sweden, ina mkia wa karibu sm 90 lakini upana wake ni sm 2 tu. Wanaoutengeneza mnene kama mkono wa mtoto wanabeba uzito usiokuwapo.

Mkia mwembamba hivyo haugeuziki. Usijaribu. Kunja kingo kuelekeana ndani na ushone kutoka nje kwa mishono ya kulaza.

Vifungo vinavuta ukingo

Ukingo wenye mawimbi kati ya kifungo na kifungo hauna kitu cha kuushikilia kwa ndani. Shona ukanda wa hariri au kitani wa sm 1.5 hadi 2, uliokatwa kufuata uzi, upande wa ndani wa kingo zote mbili. Matundu yashonwe karibu kabisa na ukingo, milimita 4 hivi, na vifungo vyenyewe vishonwe juu ya ukingo wa upande wa pili, si ndani yake. Ukiviingiza ndani kwa mtindo wa shati la kisasa, kingo zinapandana na mkono unapungua sm 2 ambazo ulizihitaji.

Kifungo cha kitambaa kinachofumuka kimekatwa kidogo mno. Kwa kifungo cha sm 1 kata duara la sm 3, pitisha bandi mbili za duara, moja ukingoni na nyingine milimita 5 ndani, sukuma kingo ndani kama kijazo, vuta, na ufunge kwa mishono ya kukatizana hadi kiwe kigumu. Sufu iliyosongamana vizuri haihitaji kijazo kingine.

Kitambaa chenyewe

Vazi limepungua baada ya mvua. Kitambaa hakikuoshwa kabla ya kukatwa. Kata kipande cha sm 20 kwa 20, kioshe kwa namna ile ile utakayoosha vazi, pima tena. Kikirudi sm 18.5 umepoteza asilimia 7.5, na kwa kanzu ya sm 110 hiyo ni zaidi ya sm 8. Kitani kioshwe mara mbili kwa maji ya moto kabla ya mkasi.

Rangi ya kanzu imehamia kwenye shati jeupe. Weka kitambaa cheupe kibichi juu ya sufu, upige pasi ya moto sekunde 10. Kikitoka na rangi, suuza na ubadilishe maji hadi yatoke safi. Kuloweka kwenye chumvi au siki baridi hakuondoi rangi iliyobaki juu ya nyuzi, ni maji tu yanayoiondoa.

Je, ni sufu kweli? Chomoa nyuzi chache za mtande na za mshindio (nyuzi za upana), uzichome kando kando, kwa koleo, juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima, na jivu lake linasagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Pima mtande na mshindio zote mbili, kwa sababu vitambaa vya mchanganyiko huficha poliesta upande mmoja. Anayekaa karibu na moto wa kupikia akiwa amevaa kitu kinachoyeyuka na kugandia ngozi anacheza na maisha yake, na hapa hatuna la kulegeza.

Kila kitu kinakaa, lakini linaonekana vazi la sherehe

Anza na rangi. Rangi ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani iliyouzwa sana ilipatikana na William Henry Perkin mwaka 1856. Kabla ya hapo ni mimea na wadudu, kwa hiyo zambarau kali na kijani cha kung'aa vinajitangaza kutoka mbali. Kisha tazama mishono ya nje: ukiwa huna muda wa kushona kote kwa mkono, tumia cherehani kwenye mishono mirefu ya ndani na mkono kwenye shingo, pindo, mikono na kila kinachoonekana. Uzi wa kitani uwe wa sm 45 hadi 50, uliopakwa nta. Mrefu zaidi unachakaa kwenye tundu la sindano na kukatika.

Mwisho kabisa angalia mahali pa kufungia kigwe. Matundu ya pete za chuma ni ya karne ya 19. Yatengeneze kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea), ukitenganisha nyuzi bila kuzikata, ukiyazungushia uzi. Kama vazi linafungwa kwa kigwe na kingo zinapishana, moja juu moja chini, matundu yako yanatazamana. Kigwe kimoja kinachopanda kwa mzunguko kinataka matundu yaliyopishana: upande wa kulia kila sm 2, upande wa kushoto kila sm 2 pia lakini ukianza sm 1 juu zaidi, isipokuwa tundu la kwanza na la mwisho, ambayo yatazamane ili kingo zianze na kuisha sawa.